NILIVYOKUWA MGANGA WA VIWANDA KWA WIKI NANE

Najua wengi mnasubiri niendelee na ule mkasa wa mwenye nyumba wangu na mita ya LUKU niliouacha njiani wiki iliyopita. Huo nauweka pembeni kwanza. Jumapili nimetembelewa na mpwa wangu, na tangu aondoke usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Kijana yuko mwaka wa pili, anasoma biashara pale Mlimani. Kaja na shati limenyooka kama karatasi, shingoni kaning'iniza kitambulisho cha utepe, kwapani laptopu. Hata maji hajanywa. "Anko, nimepata fildi kwenye kampuni ya ushauri! Makonsaltanti wenyewe hasa!" Mama yake, yaani dada yangu, akapiga vigelegele pale pale kana kwamba mtoto kaposwa.

Halafu akatoa karatasi mbili, akaomba nisaini kama shahidi. Kucheki, ni hati ya kutunza siri. Kwamba chochote atakachokiona kwenye makabrasha ya mteja hatakitoa nje, iwe kwa mdomo, kwa maandishi au kwa simu. Nikaisoma mara ya kwanza. Nikaisoma mara ya pili. Ya tatu dada yangu akauliza kama nimesahau miwani.

Miwani nilikuwa nayo. Ila karatasi ya namna hiyo niliwahi kuisaini na mimi, mwaka 1997.

Nyinyi mliozaliwa juzi hamjui 1997 ilivyokuwa. Bongo ilikuwa imechacha, mtaani hali ile tuliibatiza jina, tukaiita ukapa. Bumu likitoka linaisha kabla hujalipa deni la chipsi. Na mashirika ya umma yalikuwa yanapigwa bei moja baada ya jingine. Tume ya kurekebisha mashirika hayo, PSRC, ilikuwa kazini tangu 1992. Bia ilishapata mwenyewe mwaka 1993, sigara ikafuata 1995. Sasa kiwanda kabla hakijapelekwa sokoni ilibidi kwanza kikaguliwe kama ng'ombe wa mnadani: meno yako sawa? Kinakula kiasi gani? Maziwa kinatoa au kinameza tu majani ya watu? Ukaguzi huo ndio uliokuwa ugali wa makampuni ya ushauri, na kwenye moja ya makampuni hayo ndiko nilikoangukia mimi, denti wa Kitivo cha Biashara na Menejimenti, na barua ya chuo mkononi. Jina la kampuni linabaki kabatini, na la kiwanda pia.

Wenzangu walikwenda mabenki, wengine bandarini, wengine wakaishia kupiga mihuri kwenye ofisi ambazo hata feni haizunguki. Mimi nilionekana nimeula. Suti niliipata kwa mitumba pale Karume, Ilala, kubwa kidogo mabegani, lakini nani aulize. Tai niliazima kwa rumeti wangu. Kwa kuwa sikujua kuifunga, alinifungia yeye Jumapili usiku, na kwa wiki nane sikuifungua. Asubuhi naitumbukiza kichwani, jioni naivua kama kamba ya mbuzi.

Bosi wangu nitamwita Saspenda, maana suruali yake haikushikwa na mkanda kama za watu wengine, ilishikwa na mikanda miwili ya begani. Mtu mwerevu huyo, nisije nikamsingizia. Alinifundisha mambo ambayo kwenye noti za Mlimani hayakuwemo.

La kwanza, mshauri hauzi akili, anauza siku. Mkataba wetu na kiwanda ulikuwa wa siku 40. Kila siku ina bei yake, na kila jioni unajaza karatasi kueleza saa zako zimekwenda wapi. Siku ya 41 ukifanya kazi, unafanya sadaka. La pili, hadidu za rejea. Hizo ni kama mahari: mnakubaliana kabla, na kisichotajwa humo si chako, usikiguse hata kama kinalia. La tatu, mteja usimuulize tatizo lake ni nini, maana atakudanganya bila kujua kwamba anadanganya. Muulize pesa inaingilia mlango gani na inatokea dirisha gani, kisha kaa kimya aongee.

Mambo ya madirisha niliyaona kweli. Ghala lilikuwa na rafu nzima ya spea za mashine ambayo yenyewe ilishauzwa zamani kama chuma chakavu. Spea mpya, bado zina grisi ya kiwandani kwao Ulaya, na kila mwaka zinahesabiwa kama mali. Wadeni nao, orodha ndefu, wengi wao taasisi za serikali ambazo zilichukua mzigo na hazikulipa. Kiwanda kinadai na kinadaiwa. Kwenye vitabu kinapata faida, kwenye droo ya keshia hamna hata ya nauli ya tarishi.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Unaingia getini kwenye gari la kampuni, mlinzi anakupigia saluti wewe mtoto ambaye jana ulikuwa unasukumwa na konda mlangoni. Mameneja wenye mvi wanakuita "mtaalamu". Nikaanza kujiona mganga hasa, tofauti na yule wa Bagamoyo ni kwamba mimi natibu kwa kompyuta. Na kwa kweli kazi zinafanana. Unafika kwa watu wenye homa, unauliza maswali ambayo majibu wanayo wenyewe, unaandika, unalipwa, kisha unawaambia adui yumo humo humo ndani ya nyumba.

Adui tuliyemtaja kwenye ripoti ya kwanza alikuwa idadi ya wafanyakazi. Walikuwa 412. Hesabu zikaonyesha mnunuzi hatataka zaidi ya 270 hivi. Basi wiki ya nne Saspenda akaniita, akanipa leja kubwa ya ofisi ya utumishi, jalada lake la kijani limechakaa, akasema, "Kijana, hii ndiyo kazi yako mpaka tunamaliza. Ingiza wote kwenye kompyuta."

Jina, namba, kazi, mshahara, tarehe ya kuajiriwa, na mahali alikotoka. Hilo la mwisho nilidhani ni la kujazia tu. Kumbe ni pesa, maana mtu akipunguzwa anastahili nauli na gharama za mizigo mpaka alikoajiriwa. Wa Kigoma na wa Kisarawe hawalingani. Tarehe ya kuajiriwa nayo ni pesa mara mbili. Kwanza, kiinua mgongo kilihesabiwa kwa kila mwaka wa kazi. Pili, makubaliano yalikuwa aliyeingia mwisho ndiye atoke kwanza. Kwa hiyo tarehe yako ikiwa changa, unatolewa mapema na unatolewa na kidogo.

Nikaingiza siku tatu mfululizo. Siku ya nne macho yakaanza kuniambia kitu. Tarehe moja inajirudia. Nikaiambia kompyuta ipange watu kwa tarehe, na pale skrini ikanionyesha kundi limesimama pamoja kama watu wa foleni ya sukari: watu 63, wote wameajiriwa tarehe 1 Machi 1993.

Watu 63 siku moja! Tena kwenye kiwanda ambacho miaka hiyo hakikuwa na uwezo wa kuajiri hata paka wa ghalani.

Nikamuuliza karani wa utumishi, akasema ndivyo ilivyoandikwa. Mchana nikaenda kula kwa mama ntilie nyuma ya kiwanda, ng'ambo ya Barabara ya Pugu, hii ambayo leo inaitwa Nyerere. Mameneja walikuwa wananialika kantini yao, lakini wali maharage wa yule mama ulikuwa na nazi ya ukweli. Tabu moja: nikikaa kwenye benchi, maongezi yanakatika. Watu wanakula wanatazama sahani. Siku hiyo akawepo mzee wa stoo peke yake, yule aliyenionyesha zile spea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo tai imekukaba?"

Nikamuuliza kuhusu Machi 1993. Akatafuna, akameza, akanywa maji. Ndipo akaniambia kitu ambacho kila mtu pale kiwandani alikuwa anakijua isipokuwa sisi wataalamu. Wale 63 walikuwa vibarua. Vibarua wa miaka na miaka, wengine tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, wanalipwa kwa wiki, wanaandikwa kwenye daftari la mahudhurio na si kwenye leja. Mwaka 1993 wakapewa kadi za kudumu, na karani akaandika tarehe ya kadi kuwa ndiyo tarehe ya kuajiriwa. Mtu aliyesukuma marobota miaka 17, kwenye kompyuta yangu ana miaka minne.

"Hayo madaftari ya mahudhurio yako wapi, mzee?"

"Yako stoo. Nani mwingine angeyatunza?"

Nikarudi ofisini mbio, nikamweleza Saspenda. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunifokea. Akavua miwani. "Umefanya vizuri kuona. Sasa niambie, hadidu za rejea zinasemaje? Tutumie kumbukumbu za mteja. Kumbukumbu za mteja ni leja. Tumebakiza siku tisa. Nikianza kufukua madaftari ya mwaka 1978, nani atalipa siku hizo? Wewe?"

Msomaji wangu, mpaka leo ukiniuliza kama alikuwa mtu mbaya nitakwambia hapana. Alikuwa na wateja wengine, mishahara ya kulipa, na mkataba usio na nafasi ya daftari la mzee wa stoo. Ndivyo kazi ile inavyotembea. Lakini mimi nilikuwa nimeona majina. Namba 207 alikuwa mama mmoja wa idara ya ufungaji aliyekuwa ananiita "mwanangu" kila nikipita, na leja inasema ana miaka minne wakati mikono yake ukiitazama ina ishirini.

Jumamosi nikaenda stoo. Sikumwambia mtu. Mimi na mzee, madaftari, na taa moja inayopepesa. Anasoma, naandika. Jumapili tena. Kati ya wale 63 tukawapata 41 kwa uhakika, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka. Waliobaki, 22, madaftari yao yalikuwa rafu ya chini, na mchwa walikwishapita. Ukifungua unakutana na udongo. Mzee alikuwa anawafahamu wote 22, ananitajia na mwaka alioingia kila mmoja. Ila kichwa cha mzee si kiambatisho.

Jumatatu usiku nikabaki ofisini kuchapa. Nilikuwa nimefika jina la 38 umeme ukakatika. Si mnajua, zamani zile kompyuta haikukuwekea kitu mwenyewe bila kuambiwa. Yote kwishney! Nikakaa gizani nimeshika kichwa, nikatamani kulia. Ulipowaka saa tano nikaanza upya, na kila jina nikawa nahifadhi kwenye disketi kama mtu anayebusu rozari.

Saspenda alikipokea kiambatisho changu. Akakisoma chote, nikaona na kichwa anatikisa. Ripoti ilipotoka, kiambatisho hakikuwemo. Kilikuwemo kijimstari kimoja ukurasa wa 38, kwamba tarehe za kuajiriwa za baadhi ya wafanyakazi "zinaweza kuhitaji kuhakikiwa zaidi". Orodha ya kupunguzwa ilibaki vile vile. Watu 142, na wale 63 wote ndani.

Siku ya kuwasilisha ripoti, mimi ndiye niliyekuwa napanga zile karatasi za plastiki juu ya projekta. Meza ndefu, chai, sambusa, bodi nzima, na mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kakaa mwisho kabisa karibu na mlango. Tulipofika kwenye orodha, mwenyekiti yule akanyoosha mkono. Akauliza swali moja tu: "Hizi tarehe mmezihakiki?"

Saspenda akajibu, sauti tulivu, "Tumetumia kumbukumbu za kiwanda."

Ambayo ni kweli. Hakuna neno la uongo hapo. Mimi nimesimama kando ya mashine, taa yake inaniunguza mkono, kwenye faili langu nina kurasa tatu zenye majina 41. Kilichotakiwa ni kufungua mdomo. Nikaitazama ile kona ya meza, nikamtazama Saspenda, nikafikiria fomu yangu ya fildi ambayo yeye ndiye anaijaza maksi. Nikabadilisha plastiki. Slaidi iliyofuata ilikuwa ya matumizi ya mafuta ya mashine.

Hapo ndipo usingizi wangu unapokatikia, kama mlidhani ni kwenye lingine.

Ijumaa ya wiki ile nilikwenda kuaga. Nikapita stoo. Nilikuwa nimenunua gazeti, na ndani ya gazeti nimekunja fotokopi ya kurasa tatu. Nikamwambia mzee, "Nimekuletea gazeti, mzee." Akalipokea, akalipima uzito mkononi, gazeti la kurasa kumi na mbili haliwi zito vile. "Asante, mwanangu. Nitalisoma taratibu." Tukaagana. Ile hati ya siri niliyoisaini wiki ya kwanza, basi hapo ndipo nilipoivunja, na sijawahi kuandika habari hii mahali popote mpaka leo.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande, nyingi mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zikiwa zimeigeuza Dar kuwa bwawa. Barua zilitoka. Chama cha wafanyakazi kikaenda kwa menejimenti na majina 41 na miaka yao. Yakabishaniwa wiki kadhaa, madaftari yakabebwa mezani, mwisho wakakubali kuhesabu upya. Kazini hawakurudi, isipokuwa wachache ambao miaka yao iliwavusha juu ya mstari. Lakini walilipwa miaka yao. Wale 22 walilipwa minne. Mzee wa stoo mwenyewe, ambaye tarehe zake zilikuwa safi tangu mwaka 1974, naye aliondoka, maana stoo yenyewe ilifungwa. Mnunuzi alikuja na utaratibu wake.

Mimi nilipata B pointi. Maelezo ya msimamizi yalisema: "Makini, ila ana tabia ya kutoka nje ya kazi aliyopewa." Nadhani alijua. Kama alijua na akanipa B pointi, basi napaswa kumshukuru, na hilo nalo linaniudhi.

Mwaka 2003 nilikuwa napita sokoni Buguruni nikasikia, "We kijana wa tai!" Nageuka, namba 207. Kakaa nyuma ya fungu la dagaa, kanenepa kidogo, kicheko kile kile. Nikaamkia, tukaulizana hali. Nikawa natafuta namna ya kumuuliza, yeye akaniwahi. "Mimi nilikuwa kwenye yale madaftari ya mchwa." Kaisema kama mtu anayekwambia anaishi mtaa wa pili. Akanisimulia mtoto wake wa kwanza alivyoacha shule, wa pili yuko fundi seremala, hajambo. Nikanunua dagaa nusu kilo, akanipimia, kisha akachota konzi nyingine akaongeza juu. Nikataka kukataa. "Chukua, mwanangu, hiyo ni nyongeza."

Sasa Jumapili hii mpwa wangu kakaa mbele yangu, kalamu mkononi, ananisubiri. Nikamuuliza kazi aliyopangiwa ni ipi. Akasema bado hajaambiwa vizuri, ila kuna kampuni inataka "kujipanga upya" na wao wataanza na data za wafanyakazi. Siku hizi siyo leja tena, ni faili la Excel linatumwa kwa baruapepe, watu elfu moja na mia mbili, anaingiza kwenye mashine na mashine yenyewe inapanga. "Dakika mbili tu, Anko."

"Tarehe za kuajiriwa zimo?"

"Zimo. Kwani vipi?"

Nikamweleza, kwa kirefu kuliko nilivyowaeleza nyie. Alisikiliza hadi simu yake ikazimika skrini bila yeye kuigusa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilipomaliza akaitazama ile hati mezani, akanitazama mimi.

"Anko, na wewe hii ulisaini?"

"Nilisaini."

"Halafu?"

Dada yangu akaita kutoka jikoni kwamba pilau inapoa. Nikachukua kalamu, nikaweka sahihi yangu pale palipoandikwa shahidi, tukaenda kula.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, narudi kwa mwenye nyumba na LUKU yake.